Kanzidata ya bure kwa matumizi binafsi: tuanze na faili, seva ije baadaye kama itahitajika

#1 | Mtoa mada

Habari wakuu.

Mtu ana orodha ya vitabu vyake, au kumbukumbu za ukoo, au maelfu ya picha anazotaka kujua zilipigwa lini na nani yumo. Lahajedwali limemshinda. Anauliza aweke kanzidata (database) gani ya bure, na jibu la kwanza analopewa ni MySQL, kwa kuwa ndilo jina ambalo kila aliyepita darasa la kompyuta amelisikia. Anasakinisha. Anakutana na seva (programu inayokaa ikiwaka kusubiri maombi), neno la siri la mtumiaji mkuu, mlango wa mtandao namba 3306, huduma inayojiwasha kila kompyuta inapowaka. Kabla hajaingiza kitabu hata kimoja amechoka, anarudi alikotoka akiamini kanzidata ni kazi ya wataalamu. Hilo linaniuma, kwa sababu si kweli.

Msimamo wangu ni huu: kama data ni yako, kompyuta ni yako, na anayeandika ni wewe peke yako, huhitaji seva. Anza na SQLite.

SQLite ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Haina seva, haina akaunti wala neno la siri, haina cha kuwasha wala kuzima. Majedwali yote pamoja na faharasa zake hukaa ndani ya faili moja. Ukitaka kuhama nayo unanakili faili. Tena unayo tayari bila kujua: imo ndani ya simu za Android na iPhone, Firefox huhifadhi humo historia na alamisho zako, na Calibre, ile programu ya kupanga vitabu vya kielektroniki, huweka orodha yake kwenye faili la metadata.db ambalo ni SQLite tupu.

Ubure wake nao ni wa daraja la juu. Msimbo wake umetolewa uwe mali ya umma, kwa hiyo hata leseni ya kusoma hakuna. Muundo wa faili haujavunjwa tangu toleo la 3 lililotoka 2004. Faili la wakati ule linafunguka leo. Waundaji wake wametangaza nia ya kuitunza hadi mwaka 2050, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka miongoni mwa miundo inayopendekezwa kwa kuhifadhi data. Kwa mtu anayeandika habari za ukoo ili wajukuu wazisome, mimi naona hili lina uzito kuliko kasi na kuliko manjonjo yote ambayo programu nyingine zinajivunia. Ukomo wa ukubwa wake ni terabaiti 281, hapo tusipoteze muda.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba SQLite yenyewe haina dirisha. Ni injini. Dirisha unalichukua pembeni, nalo ni la bure pia: DB Browser for SQLite ndiyo nyepesi kwa anayeanza, SQLiteStudio ni nzuri, na DBeaver toleo la jumuiya inafaa kama unajua baadaye utagusa kanzidata za aina nyingine. Kwa DB Browser kumbuka jambo moja: ukibadilisha kitu hakijaandikwa kwenye faili mpaka ubonyeze kitufe cha kuandika mabadiliko. Wengine hulalamika. Mimi nalipenda, kwa sababu ukikosea unarudisha hali ya mwanzo na hakuna kilichoharibika.

Karibuni tujadili.

#2

Mkuu, heshima kwako, lakini kwa orodha ya vitabu kwa nini nisibaki na lahajedwali? Mistari elfu mbili haishindi kitu. Nachuja, napanga, nachapa, mambo yameisha. Naona tunawapa watu kazi ambayo hawakuiomba.

#3 | Mtoa mada

Mkuu wa #2, kama orodha yako ni jedwali moja na kila mstari unajitegemea, baki huko kwa amani. Sina ugomvi na hilo.

Ukubwa ni hoja ndogo, ingawa nayo ipo. Muundo wa zamani wa xls uliishia mistari 65,536, na Oktoba 2020 Uingereza ilijikuta na wagonjwa wa korona karibu 16,000 ambao hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati kwa sababu data zilipitia kwenye mafaili ya aina hiyo. Muundo wa sasa unafika mistari 1,048,576. Mtu binafsi ni nadra kufika huko.

Tatizo la mtu binafsi ni kurudia. Una vitabu kumi vya mwandishi mmoja, na jina lake umeliandika kwa namna tatu: mara jina kamili, mara herufi ya kwanza na nukta, mara na nafasi iliyozidi mwishoni. Ukichuja unapata vitabu sita. Kisha mtu anaazima kitabu. Unaongeza safu ya "aliyeazima" na "tarehe ya kurudisha". Anarudisha, anaazima mwingine. Ya kwanza unaifuta? Unaongeza "aliyeazima 2"? Siku safu zinapoanza kupewa namba, ujue lahajedwali limefika mwisho wake na unachohitaji ni majedwali yanayoshikana.

Kwa mfano huu ni manne tu. La waandishi, kila mwandishi mara moja na namba yake. La vitabu, kila kitabu na namba yake. La kuunganisha, linalosema kitabu namba fulani ni cha mwandishi namba fulani, kwa sababu kitabu kimoja kinaweza kuwa na waandishi watatu. Na la azimo: kitabu gani, nani, lini kilitoka, lini kilirudi. Azimo likirudi hufuti kitu, unajaza tarehe. Baada ya miaka kadhaa unaweza kuuliza ni kitabu gani kinazunguka kuliko vyote, na jibu lipo. Wazo hili la majedwali yanayounganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake lilitolewa na E. F. Codd wa IBM mwaka 1970, na programu karibu zote tutakazozitaja humu zimesimama juu yake. Ukilielewa kwenye moja umelielewa kwenye zote.

Kitu kingine kinachonisumbua kwenye lahajedwali ni kubadilisha ulichoandika bila kukuuliza. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri. Wanasayansi wa jeni walikuwa na majina kama MARCH1 na SEPT1, Excel ikawa inayageuza tarehe, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ikaeleza kuwa imeamua kuyabadilisha: MARCHF1, SEPTIN1. Watu wenye elimu yote ile walilazimika kubadilisha majina ya jeni. Usidhani orodha yako iko salama zaidi.

#4

Mimi nilizoea Access, kanzidata ya Microsoft, kazini. Naijua vizuri, lakini ni ya kulipia na kompyuta yangu ya nyumbani ni Linux. Ninachokitaka ni FOMU. Sitaki kuandika kwenye vijigridi, na mwenzangu anayeingiza data hataki hata kusikia neno SQL, ile lugha ya kuamuru kanzidata. DB Browser nimeijaribu, haina fomu. Kuna cha bure kinachofanana na Access?

#5

Mkuu wa #4, kinachokaribia ni LibreOffice Base. Ilianza kama sehemu ya OpenOffice.org 2.0 mwaka 2005, na LibreOffice ilipojitenga 2010 ikaendelea nayo. Ina fomu, fomu ndani ya fomu, ripoti, na sehemu ya kutunga maswali kwa kuburuta majedwali bila kuandika SQL. Inaendeshwa Linux, Windows na Mac.

Lakini isakinishe ukiwa na macho. Ukifuata njia ya kawaida ya kuunda kanzidata mpya, data zako zinawekwa ndani ya faili la .odb kwa kutumia injini ya HSQLDB ya toleo la zamani, 1.8, inayohitaji Java. Faili la .odb ni kifurushi cha zip. Data zinafunguliwa kutoka kwenye kifurushi unapofanya kazi na kufungwa tena unapohifadhi. Kompyuta ikizimika katikati ya kufunga, kilichomo kinaweza kuharibika chote kwa pamoja. Ndiyo maana wazoefu wa Base hutenganisha: fomu na ripoti zibaki kwenye .odb, data zikae kwenye kanzidata ya nje ambayo Base inaunganishwa nayo tu.

Pia hakikisha kila jedwali lina ufunguo msingi, yaani safu yenye thamani ya pekee kwa kila mstari. Bila huo Base itakuonyesha data lakini haitakuruhusu kuzihariri, na watu huhangaika siku nzima wakidhani programu imekufa.

#6 | Mtoa mada

Naunga mkono #5 kwa kila neno. Naongeza: ya nje inaweza kuwa SQLite ileile. Kwenye Linux unasakinisha unixODBC na kiendeshi cha SQLite cha ODBC (daraja la kuunganisha programu na kanzidata), unataja faili lako, halafu kwenye Base unachagua kuunganisha kanzidata iliyopo. Kuna hatua mbili tatu za kukuna kichwa mwanzoni, baada ya hapo mwenzako anaona fomu tu. Na siku Base ikikuchosha, faili la data linabaki palepale, unalifungulia dirisha lingine.

#7

Wakuu, kwa kukwepa seva mnaitendea PostgreSQL, kanzidata nyingine ya bure ya seva, kana kwamba ni zimwi. Kusakinisha ni dakika chache, dirisha lake pgAdmin ni la bure, na leseni yake ni huru kabisa, ya jamii moja na leseni za BSD na MIT. Mradi ulianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, jina la PostgreSQL likaja 1996. Ni miongo ya kazi makini, kwa nini mtu ajinyime?

Tena SQLite ni legevu. Unatangaza safu ni ya namba kamili, mtu anaandika "sijui", inapokea! Haina aina ya tarehe. PostgreSQL inakataa tarehe 30 Februari papo hapo. Kwa mtu anayejali usahihi wa data zake, ukali huo ndio ulinzi. Na anayejifunza kwa ajili ya ajira atakutana nayo kila mahali.

#8 | Mtoa mada

Mkuu wa #7, ulichosema kuhusu ulegevu ni kweli, na kila anayeanza na SQLite akijue. Dawa zipo na ni rahisi, lakini lazima uziweke mwenyewe.

Ya kwanza: tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021 unaweza kumalizia tangazo la jedwali kwa neno STRICT, na hapo "sijui" haiingii kwenye safu ya namba. Ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. SQLite kwa kawaida haisimamii uhusiano kati ya majedwali, hivyo unaweza kufuta mwandishi na vitabu vyake vikabaki vinaelekeza kwa mtu asiyekuwepo. Ni lazima kila unapoiunganisha iamriwe:

PRAGMA foreign_keys = ON;

Amri hii haikai ndani ya faili, ni ya muunganisho husika. Kagua mipangilio ya dirisha unalotumia uone kama inaiweka yenyewe.

Kuhusu tarehe, ziandike kama maandishi kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2024-03-09. Zikipangwa kialfabeti zinakuwa zimepangika kwa wakati pia, na vitendakazi vya tarehe vya SQLite vinazielewa. Usiandike 9/3/24, hata kama ndivyo ulivyozoea. Mtu mwingine atasoma Machi, mwingine Septemba.

Sasa PostgreSQL. Naiheshimu sana, na kwa anayejifunza kwa ajili ya kazi ningempa hiyo kabla ya MySQL. Lakini tazama maisha yake nyumbani. Kila toleo kuu hutunzwa miaka mitano, na linatoka jipya kila mwaka. Kuhama toleo kuu kwenda jingine si kusasisha tu: ama unatoa data zote kwa pg_dump na kuziingiza upya, ama unatumia pg_upgrade. Folda yake ya data huwezi kuinakili ovyo seva ikiwa inafanya kazi. Sasa fikiria mtu mwenye kumbukumbu za ukoo aliyeacha kuzigusa miaka saba, kompyuta imekufa, amebaki na diski. Kwenye SQLite anafungua faili. Kwenye PostgreSQL, kama hakuwa na nakala iliyotolewa kwa pg_dump, itabidi atafute toleo lilelile la zamani, alisakinishe, na aombe folda iwe nzima. Inawezekana, ila ni kazi ya fundi.

Seva ina mahali pake. Mkiwa watu kadhaa mnaandika kwa wakati mmoja kutoka kompyuta tofauti, SQLite haiwafai: huruhusu mmoja tu aandike kwa wakati mmoja, na kuliweka faili kwenye folda ya mtandao ili mgawane ni kujitafutia matatizo, kwa sababu kufuli za mafaili kwenye mifumo mingi ya mtandao haziaminiki. Hapo nenda PostgreSQL moja kwa moja.

#9

Na MySQL mmeiacha hivihivi? Ndiyo niliyofundishwa.

#10

Hajaachwa mtu mkuu. MySQL ilizaliwa 1995 Sweden, Sun wakainunua 2008, Oracle wakainunua Sun 2010. Monty Widenius, mmoja wa waanzilishi, aliona mbali akaanzisha MariaDB mwaka 2009 kutoka msimbo uleule. Zote mbili ni za bure kwa leseni ya GPL. Kwa tovuti ni sawa kabisa, WordPress imejengwa juu yake. Kwa matumizi binafsi sioni inachokupa ambacho PostgreSQL haikupi. Na kuhusu usahihi, hali kali, inayokataa data zisizofaa, ilifanywa kuwa ya kawaida kuanzia 5.7 mwaka 2015. Kabla ya hapo maandishi marefu kuliko safu yalikatwa na kuhifadhiwa na onyo tu.

#11

Vipi SQL Server Express na ile ya bure ya Oracle? Na hizi huduma za mtandaoni ambazo unajisajili tu unaanza, fomu nzuri, rangi, kila kitu?

#12 | Mtoa mada

Hizo mbili za kwanza ni za bure lakini si huria, yaani msimbo wake haukufunguliwa kwa wote. Mwenye nazo anaweka kikomo: Express kwa miaka mingi ilikuwa GB 10 kwa kanzidata, ya Oracle ni GB 12 za data zako. Kwa orodha ya vitabu hutavifikia. Tatizo langu ni kwamba kikomo ni chake kukipanga, na ni seva nzito kwa kazi nyepesi.

Za mtandaoni naziogopa zaidi, na nitasema kwa nini. Zinavutia kweli, mtu anafurahi wiki ya kwanza. Lakini ngazi ya bure ina idadi ya rekodi, na idadi hiyo wanaweza kuipunguza wakati tayari umo ndani na data zako. Kabla hujaingiza rekodi hata kumi, tafuta kitufe cha kutoa data. Toa CSV (faili la maandishi matupu lenye thamani zilizotenganishwa kwa koma), ufungue, uangalie: je, uhusiano kati ya majedwali umebaki, au umepewa majina matupu bila namba? Viambatisho na picha vimetoka? Kama jibu ni hapana, hapo unapangishwa kumbukumbu zako mwenyewe. Kama unapenda muonekano huo, jaribu Grist: msimbo wake ni huria, unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako, na hati zake kwa ndani ni mafaili ya SQLite.

Leseni nazo hubadilika. Kanzidata ya MongoDB ilihama kwenda SSPL mwaka 2018, leseni ambayo haitambuliwi kama huria na OSI, shirika linaloidhinisha leseni huria. Mtumiaji wa nyumbani hakuguswa moja kwa moja, lakini ni vizuri kujua kwamba kampuni moja inapomiliki msimbo wote, uamuzi wa namna hiyo ni wa kikao kimoja.

#13

Swali la nakala rudufu. Naweza kuweka faili la SQLite kwenye folda inayojisawazisha na wingu, nikafanya kazi humohumo kutoka kompyuta mbili?

#14 | Mtoa mada

Usifanye hivyo mkuu, nakusihi. Programu ya kusawazisha haijui kwamba uko katikati ya kuandika. Ukiwa umewasha hali ya WAL, mabadiliko ya karibuni yako kwenye faili la pembeni lenye mkia wa -wal, na wingu linaweza kupakia moja bila jingine. Ukifungua kwenye kompyuta mbili unapata matoleo mawili yanayogombana, na hakuna wa kuyaunganisha.

Fanyia kazi kwenye folda ya kawaida. Ukimaliza, toa nakala safi:

VACUUM INTO 'nakala-2025-01-31.db';

Hiyo inatengeneza faili jipya lililokamilika hata kama kanzidata iko wazi. Ndilo la kupeleka kwenye wingu na kwenye diski ya nje. Mara mojamoja toa pia kila jedwali kama CSV, maana CSV inasomeka hata kwa kihariri cha maandishi.

Jambo la siri: SQLite ya kawaida haifichi chochote, anayepata faili anasoma yote. Kama una mambo ya afya au ya familia humo, tumia SQLCipher, ambayo DB Browser inaweza kuifungua, au weka faili ndani ya diski iliyosimbwa.

#15

Nimewaelewa wakuu, naanza leo. Nina lahajedwali la watu na namba zao za simu, sifuri za mwanzo zipo kwa sasa. Nikihamisha zitabaki?

#16 | Mtoa mada

Zitabaki ukifuata mpangilio huu. Kwenye lahajedwali hakikisha safu ya simu imewekwa kuwa maandishi, kisha toa CSV kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. USIIFUNGUE tena kwa kubofya mara mbili, hapo ndipo sifuri hupotea. Ukitaka kuitazama tumia kihariri cha maandishi. Kwenye DB Browser tengeneza jedwali kwanza, safu ya simu iwe TEXT, halafu ndipo uingize CSV ndani ya jedwali hilo badala ya kuiachia programu ikukisie aina za safu.

Ukimaliza, linganisha idadi ya mistari na ile ya lahajedwali. Ikipishana, mara nyingi ni seli yenye koma au mstari mpya ndani yake. Toa CSV upya ukichagua kila seli ya maandishi iwekewe alama za nukuu, na urudie kwenye jedwali tupu. Ukikwama, weka hapa mistari miwili ya kwanza, namba za watu uzibadilishe, tutaangalia pamoja.